Kuweka mipaka kwa upole ukiwa mwepesi wa kuhisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu mwepesi wa kuhisi ni mtu wa namna gani? Ni mgonjwa?

Si mgonjwa. Ni maumbile: anapokea mengi kuliko wenzake na anachukua muda mrefu zaidi kuyachambua. Sauti, mwanga, harufu, sura ya mtu aliyenuna kwenye kona ya sebule, vyote vinamwingia. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, ndiye aliyeanza kuipima hali hii kitaalamu katika miaka ya 1990, na dodoso la maswali 27 alilolichapisha mwaka 1997 pamoja na mumewe Arthur Aron bado linatumika katika utafiti. Yeye alikadiria kwamba asilimia 15 hadi 20 ya watu wako hivyo. Watafiti waliofuata wamefika karibu asilimia 30, na wanaiona kama ngazi yenye vidaraja, mmoja yuko juu kidogo, mwingine chini kidogo.

Usiichanganye na ukimya. Wapo wachangamfu, wapenda watu, wanaocheka kuliko wote mezani, halafu wakifika nyumbani hawataki hata redio.

Nitajuaje kama ni maumbile tu, au nina tatizo la kutibiwa?

Jiulize imeanza lini. Maumbile ulikuwa nayo tangu utotoni, waliokulea wanayakumbuka. Kama zamani kelele hazikukusumbua, na sasa hata mlio wa sufuria unakukera, hulali vizuri, chakula hakipandi, na hali hiyo imepita wiki mbili, nenda kituo cha afya ukaeleze. Inaweza kuwa sonona, wasiwasi uliozidi, kipandauso au athari za tukio baya lililokupata. Mipaka inasaidia kupunguza mzigo, lakini haitibu sonona.

Kwetu maisha ni ya pamoja. Kuweka mipaka si uzungu?

Anayesema hivyo amesahau hodi. Mgeni anabisha mara tatu, asipojibiwa anaondoka bila kinyongo. Kwa Waislamu jambo hili lina msingi wake katika Sura ya An-Nur, aya ya 27 na 28: usiingie nyumba isiyo yako bila idhini, na ukiambiwa rudi, rudi. Nyumba za zamani za Lamu na Zanzibar zilijengwa na baraza ili mgeni apokelewe, akae, anywe kahawa, bila kuingia ndani walipo wenye nyumba. Tulichokosa ni hodi ya simu, hodi ya muda na hodi ya pesa.

Kuna kitu kimoja cha kushika hapa, maana wengi wanakosea. Mpaka ni kauli kuhusu utakachofanya wewe. "Usinipigie usiku" ni ombi, na mwenzako anaweza kulikataa. "Ikifika saa 3 usiku nazima simu, nitakupigia asubuhi" ni mpaka, kwa sababu unaweza kuutekeleza hata asipokubali.

Kwa nini kila nikijaribu kukataa naishia kulia au kugombana?

Kwa sababu umechelewa. Hili ndilo kosa kubwa la watu wepesi wa kuhisi, na halitokani na udhaifu. Wewe unaona haraka jinsi mwenzako atakavyoumia, kwa hiyo unavumilia mara ya kwanza, ya pili, ya saba. Ya nane unalipuka, au unanyamaza na kumkwepa miezi miwili. Yeye hakuziona zile saba. Anaona ya nane tu, na anashangaa kwa dhati kabisa.

Mwili hukutahadharisha mapema kuliko maneno. Taya linakaza, mabega yanapanda. Unaanza kujibu "mh" na "sawa". Unatazama saa. Unatamani kwenda chooni si kwa haja, bali ukakae tu peke yako. Jipimie kwa ngazi ya sifuri hadi kumi. Ukifika nne, sema. Hapo sauti yako bado ni ya kawaida na maneno bado yanakuja. Ukifika saba usijaribu kueleza chochote, toka kwanza: "Naomba dakika kumi, narudi." Nje, vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, kwa dakika mbili au tatu. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Halafu rudi kweli. Ukiondoka na usirudi, mara nyingine hawatakuamini.

Machozi yakikutoka katikati ya kauli, usiifute kauli. Sema, "Nalia, lakini nilichosema ndicho hicho." Na kama unajua huwezi kusema ana kwa ana bila kulia, andika ujumbe. Si woga, ni kuchagua chombo kinachofika.

Nianzie kwa nani?

Usianzie kwa mama. Kwa wiki moja andika kila jioni mambo matatu: nani, saa ngapi, nini kilichonichosha. Mara nyingi majina mawili matatu yatajirudia. Kisha chagua dogo lisilo na gharama: kumwomba kinyozi apunguze sauti ya runinga, kumwambia muuza duka "leo sichukui, asante" bila kuongeza neno. Mazoezi haya yanaonekana ya kitoto, lakini yanakufundisha kusimama ndani ya ukimya unaofuata baada ya kukataa. Ukimya huo ndio unaowashinda wengi.

Nisemeje bila kuonekana sina adabu?

Kwetu adabu iko kwenye salamu, kwa hiyo usiifupishe. Salimia yote, uliza hali ya watoto, ndipo uingie. Baada ya hapo sema hapana yako kwa sentensi moja, taja unachoweza kama kipo, kisha nyamaza.

Kwa shangazi anayetaka umpokee kijana wake: "Shikamoo shangazi. Nashukuru umenifikiria. Mwaka huu sitaweza kukaa naye nyumbani. Akipata chumba, nitachangia elfu ishirini ya kodi ya mwezi wa kwanza."

Kwa rafiki aliyefika bila taarifa: "Karibu, nimefurahi kukuona. Leo nina nusu saa tu." Muda utajwe mlangoni. Ukiutaja baada ya saa mbili utasikika kama unamfukuza.

Kwa anayekulazimisha kuongeza chakula: "Nimeshiba, Mungu akubariki mikono." Ukirudia maneno yaleyale mara tatu kwa tabasamu lilelile, inatosha.

Kinachoharibu ni mkia. Umesema vizuri, halafu mwenzako ananyamaza, nawe unaongeza: "lakini kama huna namna nyingine..." Hapo umefungua upya. Neno "samahani" nalo liwe moja. Yakifika manne, msikilizaji anaamini umefanya kosa na anasubiri ulirekebishe.

Nitoe sababu?

Moja, au usitoe kabisa. Kila sababu ni kitu cha kujadiliwa: ukisema kichwa kinauma, utaletewa dawa, ukisema huna nauli, utatumiwa. Uongo ni mbaya zaidi kwa mtu wa aina yako, kwa sababu utaubeba kichwani wiki nzima ukihofia kukutwa. "Nina ratiba nyingine" ni kweli hata kama ratiba yenyewe ni kulala chali chumbani.

Si bora niseme tu "inshallah" au "tutaona"?

Hapana. Inshallah ni neno la imani, na ukiligeuza kuwa njia ya kukataa, mwenzako atapika wali akikusubiri. Kama hujaamua, taja saa ya jibu: "Nitakujibu kesho kabla ya adhuhuri." Kisha jibu kweli, hata kama jibu ni hapana. Kwa mtu mwepesi wa kuhisi kauli hii ina faida nyingine: inakutoa mbele ya uso wa anayeomba, na ni uso huo ndio unaokufanya ukubali.

Vipi wageni wanaokaa siku nyingi, hasa wakwe?

Makubaliano yafanyike kabla ya tiketi kukatwa, na azungumze mwenye ndugu zake: mume kwa wazazi wake, mke kwa wake. Mkwe akiambiwa na mkwewe "hadi Jumapili", litasemwa ukoo mzima. "Mama, karibu sana, tutafurahi ukae nasi hadi tarehe 14, halafu nitakusindikiza stendi" ni maneno ya mtoto kwa mama yake.

Wageni wakiwepo, usijifiche siku nzima, tenga saa moja ileile kila siku na uitaje bila kuipamba: "Baada ya chakula cha mchana huwa napumzika kidogo." Watu huheshimu ratiba kuliko hisia.

Na harusi? Vikao, michango, muziki...

Tenganisha vitu vitatu: pesa, vikao na siku yenyewe. Pesa, ahidi kiasi unachoweza na ulipe mapema; aliyelipa mapema hasumbuliwi. Vikao unaweza kuviacha kama utachukua kazi inayofanyika nyumbani, mathalani kuandika orodha ya wageni au kufuatilia kadi. Mwambie mwenyekiti wa kamati moja kwa moja, usimtume mtu.

Siku yenyewe, nenda na usafiri wako. Ukipanda basi la familia utaondoka familia inapoondoka. Kaa mbali na spika, karibu na mlango. Vizibo vya masikio vya sponji ni rahisi kupata, lakini wengi huvivaa vibaya: kisokote kati ya vidole kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie kwa sekunde 20 hadi 30 kitanuke ndani. Kikibaki kinaning'inia nje, hakizuii kitu. Pongeza maharusi, toa zawadi, aga mtu mmoja tu, ondoka.

Msiba ni tofauti, na hapa ushauri wetu ni mkali kidogo: usiukose. Kutokwenda msibani kunakumbukwa miaka mingi. Nenda mapema, kaa muda mfupi, na omba kazi ya mikono. Anayemenya vitunguu jikoni huchoka kidogo kuliko anayekaa ndani katikati ya vilio, na wafiwa wanashukuru zaidi.

Magrupu ya WhatsApp yananimaliza. Nijitoe?

Si lazima. Nyamazisha grupu kwa chaguo la "daima", kisha liweke kwenye kumbukumbu lisionekane kwenye orodha ya kwanza. Lifungue mara moja kwa siku, saa unayoichagua. Kwenye mipangilio, upande wa faragha, kuna sehemu ya vikundi inayokuwezesha kuchagua nani anaruhusiwa kukuingiza. Weka watu unaowafahamu tu. Tiki za bluu unaweza kuzizima, ila nawe hutaziona za wengine, na ndani ya magrupu zitaendelea kuonekana. Ukiamua kujitoa, siku hizi wasimamizi tu ndio wanaoarifiwa, kwa hiyo mwandikie msimamizi mstari mmoja kabla.

Kosa la kawaida ni kuzima kila kitu halafu dharura ikapita. Waambie watu wako wa karibu: "Jambo la haraka nipigie. Ujumbe nasoma jioni."

Bosi ananitumia kazi usiku.

Kwanza jua sheria inasemaje. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kila wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, na hulipwa angalau mara moja na nusu. Mameneja wana utaratibu tofauti.

Lakini usimpelekee bosi sheria kama hatua ya kwanza. Mpelekee mpangilio. Usijibu usiku, jibu saa 2 kamili asubuhi, kila siku, kwa kazi iliyokamilika: "Nimeipata, utaiona mezani kabla ya saa 5." Wiki mbili tatu za kujibu hivyo humzoesha bila mabishano. Akiuliza, mwombe achague: "Kati ya ripoti hii na ile ya jana, ipi itangulie?" Ni hapana iliyovaa suti.

Ukiwa ofisi ya wazi yenye kelele, usilalamikie watu. Omba kiti kinachotazama ukuta, au saa moja ya asubuhi kwenye chumba cha mikutano kabla hakijajaa.

Jirani anapiga muziki hadi usiku wa manane.

Mwendee mchana, siku ambayo hakuna muziki. Usimwambie "kelele zako", mwambie jambo moja linalopimika: "Kaka, ukishafika usiku wa saa 4 naomba upunguze ile besi, chumba changu kimegusana na ukuta wako." Besi ndiyo inayopita ukutani, mara nyingine kuisogeza spika kutoka ukutani na kuiweka juu ya kitu laini kunamaliza ugomvi wote. Ikishindikana, kwa mwenye nyumba, kisha mjumbe wa shina au mwenyekiti wa mtaa. Kelele za baa na kumbi zina mamlaka yake: ile ya taifa ya mazingira kwa Tanzania, na NEMA, ya mazingira pia, kwa Kenya.

Rafiki ananimwagia shida zake kila siku. Namwonea huruma, lakini namaliza nikiwa sina nguvu.

Hili ndilo tunaloulizwa kuliko yote, na ndilo gumu. Watu wanakujia kwa sababu unasikiliza kweli, na hicho ni kipaji. Tatizo ni kwamba unasikiliza bila mwanzo wala mwisho.

Weka mwanzo. Simu ikiita, kabla hajaanza: "Niko nawe, nina dakika ishirini. Unataka tutafute njia au nisikilize tu?" Swali hilo linakuondolea mzigo mkubwa, kwa kuwa wengi watasema sikiliza tu, nawe utaacha kujitesa kutafuta suluhisho. Ukichukua jukumu la kutatua, kesho atakupigia kukupa ripoti, na keshokutwa.

Weka mwisho. Dakika tatu kabla muda haujaisha, rudia kwa ufupi ulichosikia, muulize hatua moja atakayochukua, na taja lini mtazungumza tena: "Basi kesho unakwenda kumwona mwalimu. Tuongee Alhamisi." Anayejua kuna Alhamisi hapigi Jumanne, au hupiga mara chache. Baada ya simu usiingie kitandani moja kwa moja. Osha uso, tembea hadi dukani, fanya kitu cha mikono. Ukiona unaendelea kuongea naye kichwani, andika mistari mitatu kisha funga daftari.

Na mwangalie: je, anauliza hali yako? Kama miezi imepita bila swali hilo, dakika ishirini zipunguze ziwe kumi. Isipokuwa jambo moja. Akisema anataka kujiua, saa haihesabiwi. Kaa naye, mwite mtu mwingine wa karibu, na mpeleke hospitali.

Nimeweka mpaka, sasa amezidi kunisumbua kuliko mwanzo. Nimekosea?

La. Saikolojia ya tabia inajua jambo hili vizuri: tendo lililokuwa likilipa, likiacha kulipa, mara nyingine huongezeka kwanza kabla ya kupungua. Aliyezoea kupata ndiyo ataomba kwa nguvu, ataleta watu wazima, atasema umebadilika. Hatari iko hapa: ukikubali mara ya tano, umemfundisha kwamba bei ya ndiyo yako ni kuomba mara tano. Ni afadhali ungekubali mara ya kwanza. Kwa hiyo usiweke mpaka ambao huna nguvu ya kuushika mwezi huu.

Hatia nayo itakuja, hasa usiku ule wa kwanza. Usimpigie kumbembeleza ukiwa bado ndani ya hatia hiyo. Lala, halafu uamue asubuhi.

Nimeshakubali, naweza kurudi nyuma?

Ndiyo, mapema. Piga simu, usitume ujumbe: "Jana nilikubali haraka. Nimeangalia, sitaweza. Nakuambia leo ili upate mtu mwingine." Ikibaki siku moja tu, timiza, kisha uwe mwangalifu safari ijayo.

Upole una mwisho?

Una mwisho pale penye kipigo, vitisho, kulazimishwa kimwili au kunyang'anywa pesa. Hapo maneno mazuri hayalindi. Yanaweza hata kumchochea. Tafuta mtu mzima unayemwamini na mahali salama kwanza. Tanzania, vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Kenya, namba 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto katika nchi zote mbili.

Mwanangu ndiye mwepesi wa kuhisi. Anakataa kubebwa na wageni, na watu wanasema hana adabu.

Salamu ni lazima, mwili wake si lazima. Mfundishe kusema shikamoo kwa sauti inayosikika, akiwa amesimama karibu nawe, anayetaka kumpakata mwambie wewe, kabla mtoto hajaanza kulia: "Huyu huchelewa kuzoea, mwache akufuate mwenyewe." Kwenye shughuli yenye watu wengi fika mapema, ukumbi ukiwa bado mtupu, azoee mahali kabla ya kelele. Mpe ishara ya siri ya kukuambia amechoka, kukubana kidole mara mbili inatosha, na akiitumia itikie papo hapo, hata kama sahani yako ya pilau imefika sasa hivi.